Nani Alimwambia DJ Ashushe Biti?

Waandaaji walikosea. Nalisema mapema ili nisimzungushe mtu: kushusha biti kwenye fainali ya mashindano ya kucheza singeli Jumamosi ile Temeke lilikuwa kosa la wazi, na kosa hilo ndilo lililotupatia bingwa.

Waliokuwepo waliliona kwa macho. Baada ya nusu fainali, jamaa mmoja mwenye kitambulisho shingoni alipanda ngazi za jukwaa, akamwinamia DJ sikioni. DJ akatikisa kichwa. Jamaa akainama tena, safari hii mkono wake ukiwa juu ya meza, karibu kabisa na laptopu. DJ akasogeza kidole, kisha akakunja mikono kifuani na kurudi nyuma hatua moja. Wimbo uleule uliokuwa umewapandisha watu mabegani mwa wenzao ukalegea kama redio kaseti ambayo betri zake zinakwisha. Sisi tuliokuwa upande wa spika za kushoto tulitazamana.

Mchujo uliendeshwa vizuri, sauti ilikuwa safi, ratiba ilifuatwa. Narudi kwenye kidole.

Nina mazoea ya kupima biti kwa kugonga kioo cha simu. Nusu fainali ilikuwa inakwenda midundo 280 kwa dakika. Fainali ikaenda 190. Kwa sikio lililozoea bendi au Bongo Fleva, 190 bado ni mbio, na nadhani ndivyo jamaa wa kitambulisho alivyopiga hesabu zake: muziki bado una haraka, nani atagundua? Wachezaji wote wawili waligundua kabla hata hawajafika katikati ya jukwaa. Dada wa Manzese aligeuka akamtazama DJ. Dogo wa Mbagala alitabasamu.

Hebu tufungue mashine tuone ndani. Midundo 280 kwa dakika ni zaidi ya minne kwa sekunde moja, na hakuna mguu wa binadamu unaobeba mwili mzima kwa kasi hiyo dakika nzima. Kwa hiyo mchezaji wa singeli hakanyagi kila mdundo. Anaugawa. Singeli kwangu ni nyumba ya ghorofa tatu. Ghorofa ya juu ina midundo yote 280, na huko hukaa mitetemo: mabega, vidole, nyonga inayotikisika bila kusafiri. Ghorofa ya kati ni nusu yake, 140, na huko ndiko miguu inakofanyia kazi, kisigino, kidole, kisigino. Ya chini ni robo, 70, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na huko ndiko goti linakoshuka na uzito wa mwili unakohama kutoka upande huu kwenda ule. Fundi huwa na kiungo katika kila ghorofa kwa wakati mmoja. Ufundi wenyewe, ule unaomfanya mama muuza mihogo aache sufuria yake, uko kwenye ngazi: mguu uliokuwa ukikanyaga ya kati unashuka chini ghafla, bega linapanda juu, na hakuna aliyepewa taarifa, hata mchezaji mwenyewe.

Sasa shusha mpaka 190. Ghorofa ya juu imekuwa nzito kiasi kwamba mtetemo unaonekana kama baridi. Ya chini imekuwa 47 na ushee, goti likishuka linabaki kule linasubiri mpaka watu waanze kukohoa. Kilichobaki chenye uhai ni ya kati, 95, na kila mtu anajua nani anaishi mitaa ya 95. Ni Bongo Fleva. Ni video. Ni zile shoo za watoto wanne wenye fulana za rangi moja wanaohesabu moja mbili tatu nne kimoyomoyo. Nyumba ya ghorofa tatu ikabomolewa ikabaki chumba na sebule, halafu wachezaji wakaambiwa waoneshe uhodari wa kupanda ngazi.

Dogo wa Mbagala ni mchezaji mzuri, miguu yake ni safi na pumzi anayo. Lakini malezi yake ni ya kundi, ya mazoezi mbele ya kioo, na shoo yake ya fainali ilikuwa imeshonwa tangu nyumbani. Nilihesabu mzunguko mmoja wa hatua nane ukirudi mara tano. Kwenye 280 mshono ule ungeachia, na hata kwenye nusu fainali ulikuwa umeanza kuachia, ndiyo maana akaingia fainali kwa alama mbili tu. Kwenye 190 ulimkaa kama suti ya fundi. Sisemi alikuwa na siri na mtu. Nasema uamuzi wa kidole kimoja ulimchagua.

Na sasa dada wa Manzese, ambaye ndiye aliyenifanya nisilale mpaka niandike haya.

Kumbukeni nusu fainali yake. MC aliita Manzese, akaita tena, akaanza kutaja mitaa, na DJ akakata besi kwa midundo minne. Yule dada alikuwa amenyanyua mguu wa kulia. Akauacha hewani. Mwili mzima ulisimama isipokuwa bega moja lililokuwa likitetema ghorofa ya juu, kisha besi iliporudi mguu ukatua nayo, si kabla, si baada. DJ aliona. Mzunguko uliofuata akakata tena, safari hii kwa midundo minane, kumtega. Dada akanyanyua mguu uleule, akasubiri, halafu akautua mapema kwa makusudi, huku besi ikiwa bado haijarudi, na DJ akaidondosha besi papo hapo juu ya kisigino chake. Nani alikuwa anamfuata nani? Uwanja ulilipuka kwa sababu hakuna aliyeweza kujibu. Majibizano yale ndiyo singeli yote. Mengine ni mapambo.

Fainali, karibu na sekunde ya 35, alinyanyua mguu ule tena. Lilikuwa ombi, na kila mtu pale alilielewa. DJ alikuwa nyuma ya meza yake, mikono kifuani, ameamriwa asiguse. Wimbo ukaendelea kutiririka kama ulivyorekodiwa. Mguu ukabaki juu midundo minne, minane, bega likitetema peke yake kwenye biti iliyolegea, na mwishowe ukatua mahali popote tu, kwenye mdundo wa kawaida usio na jambo. Minong'ono ikapita. Jaji wa pili akaandika kitu. Alama ziliposomwa, dada alikuwa amepoteza nyingi kwenye kipengele cha kwenda na mdundo. Kwenda na mdundo! Yeye ndiye mtu pekee pale jukwaani aliyekuwa bado anausubiri.

Nimesikia sababu mbili kutoka kwa watu wa karibu na maandalizi. Ya kwanza ni haki: wote wawili wapewe wimbo mmoja, spidi moja, dakika moja na nusu, DJ asiingilie, ili asimpendelee mtu. Inasikika vizuri mpaka uiangalie kwa karibu. Ni sawa na kuwaita malenga wawili wajibizane, halafu ukawapa swali lililoandikwa kwenye karatasi na kumfunga mdomo anayeuliza. Watajibu, ndiyo, lakini utakachopima ni nani alikariri. Katika singeli DJ hapigi muziki kwa ajili ya mchezaji kama anayemwagia mtu maji. Anacheza naye. Programu ya Virtual DJ kwenye laptopu yake ni ala kama zeze lilivyo ala: kile kitufe cha spidi, vitufe vya kurudisha kipande, mkato wa besi, vyote hupigwa kwa vidole huku macho yakiwa miguuni mwa mtu. Vijana wa studio ya Sisso kule Mburahati wamejenga sauti nzima juu ya vidole hivyo. Ukitaka haki, mpe kila mchezaji DJ yuleyule aliye huru, kisha pima nani alizungumza naye vizuri zaidi.

Halafu kuna jambo la sikio ambalo jamaa wa kitambulisho hakulifikiria kabisa. Singeli ilizaliwa kwa kuongezwa spidi. Watu walichukua vipande vya mwisho vya taarabu ya kisasa, pale kinanda kinapochangamka, wakavirudiarudia na kuvikimbiza mpaka kinanda kikapanda sauti na kuanza kulia kama filimbi. Ile sauti nyembamba ni matokeo ya mbio zenyewe. Ukishusha spidi huku umefunga sauti isishuke, kompyuta inalazimika kuvuta kila kitu kama mpira, na makofi yale makavu, mafupi, yanaota mkia. Mlisikia. Kila kofi la fainali lilikuwa na mkia. Mchezaji anakanyaga kofi, sasa akanyage wapi, kichwa au mkia?

Sababu ya pili ni wageni waliokaa mbele na kamera za televisheni, eti kwa spidi ile hawafuatilii. Hapa nitasema kwa urefu kidogo maana ni jeraha la zamani. Muziki huu umetoka Manzese, Tandale, Mburahati na Tandika ukiwa na majina mabaya. Uliitwa uhuni. Vigodoro, sherehe zetu za mtaani, vilifukuzwa na viongozi wa mitaa, waya zikang'olewa usiku, mama wa bwana harusi akaenda kujieleza ofisini asubuhi ya sherehe ya mwanawe. Vijana walioimba na kucheza pale hawakuwa na mdhamini wala mgeni rasmi. Walikuwa na turubai, spika za kukodi na uwanja wa vumbi. Redio, EFM ikiwa mbele, zilipoanza kuupiga, na Man Fongo alipotoka na wimbo wa Hainaga Ushemeji mwaka 2016, milango ikafunguka, nami nilishangilia. Lakini tangu wakati huo kila anayeufungulia mlango anataka uvue viatu kwanza. Upunguze maneno, upunguze mauno, upunguze spidi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, baadaye zikafuata kazi za Bamba Pana, Jay Mitta na Duke, zikafika kwenye madisko ya Ulaya, na zilifika huko na mbio zake zote. Mzungu wa Berlin anapewa singeli iliyokamilika. Mtu wa Temeke, aliyeizaa, anapewa iliyolegezwa ili mgeni wa kiti cha mbele asipate kizunguzungu.

Kuhusu kamera nimeshaandika mara nyingi na nitaendelea. Mpiga picha alikuwa akitafuta sura. Kwa dakika moja na nusu ya dada wa Manzese, skrini kubwa ilionesha miguu yake mara mbili tu, na kwenye ile sekunde ya 35 ilionesha kidevu. Kama macho yako hayawezi kufuata mguu kwenye 280, rudisha kamera nyuma upate mwili mzima, usimwombe DJ amsubiri mpiga picha.

Na jukwaa lenyewe lina urefu wa kifua cha mtu. Singeli huchezwa kwenye duara. Watu wanakuwa pande zote nne, na mchezaji anapogeuka anakutana na uso mwingine, kelele nyingine, mtoto anayemwiga. Hilo limeanza zamani kuliko umeme. Mdundiko wa Wazaramo ulikuwa ukitembea mtaa kwa mtaa na watoto wakiufuata mpaka wanapotea, mama wanawatafuta hadi usiku. Katika ngoma inayotembea huwezi kupanga hatua, maana hujui kona inayofuata ina nini. Mchiriku ukaja na vinanda vidogo vya Casio, vipaza sauti vinavyokwaruza, kigoda kinachogongwa kwa vijiti, na Jagwa Music wa Mwananyamala wakaupeleka hadi nje ya nchi. Pale pia aliyekuwa akicheza alikuwa ndani ya duara na mpigaji aliweza kumgusa. Singeli ni mjukuu wa hao. Ukiipandisha juu ya mbao, watu wote upande mmoja, tayari umeshamgeuza mchezaji kuwa mtu wa maonesho. Kisha ukamwongezea kadi ya alama yenye kipengele kinachoitwa mpangilio.

Neno hilo. Nimegombana nalo tangu mashindano ya dansi yaanze kufadhiliwa. Mpangilio ni jambo jema kwa kundi, kwa arusi, kwa gwaride. Kwa mtu mmoja aliyeingia duarani kuujibu muziki, mpangilio ni majibu kabla ya swali. Kadi ya Jumamosi ilikuwa na alama 20 za mpangilio na 10 za ubunifu. Kwa hesabu hiyo, yeyote aliyeshona shoo yake nyumbani anaanza mbele ya yule anayeibuni pale pale, na majaji, ambao walifanya kazi yao kwa uaminifu, walibaki kujaza walichopewa.

Vijana huniambia bado naishi Mango Garden. Ni kweli sijahama, na nitaeleza kwa nini. Pale bendi ya Twanga Pepeta walikuwa na shoo iliyopangwa hasa, safu nzima ya wanenguaji ikigeuka kama mtu mmoja. Lakini sebene ilipokolea, magitaa yakianza kuzunguka na Msafiri Diouf akirusha maneno, mpangilio uliwekwa pembeni. Super Nyamwela alikuwa akicheza sikio moja likiwa kwa mpiga dramu. Nilimwona akishusha bega, dramu ikajibu, akatulia kana kwamba amemaliza, dramu ikamchokoza, akarudi. Marehemu Aisha Madinda, aliyetutoka Desemba 2014, alikuwa na kitu ambacho sijakiona kwa mnenguaji yeyote tangu hapo: aliweza kuchelewa. Kiuno kilikuja nyuma kidogo ya mdundo, kidogo mno, ukabaki unakivutia pumzi, na mpigaji akaanza kumsubiri yeye. Bendi nzima ikawa inapumua kwa kiuno cha mtu mmoja. Hebu fikirini mtu apande jukwaani Mango Garden usiku ule, amwambie mpiga dramu akunje mikono kwa sababu za haki, Aisha achezee kaseti.

Mguu wa dada wa Manzese uliokaa hewani nusu fainali ulinikumbusha uchelewaji ule. Amezaliwa wakati Twanga wakiwa juu, sidhani kama aliwahi kuwaona. Amekipata kwenye vigodoro, kwa macho yake, kwenye 280. Msaga Sumu na wenzake wa kizazi cha mwanzo cha singeli walikuwa wakiita majina ya watu waliosimama mbele yao, na mtu akishaitwa lazima ajibu kwa mwili, papo hapo, mbele ya majirani watakaomkumbusha kesho dukani. Hakuna chuo kikali kuliko hicho. Anayehitimu pale anajua kusikiliza kwa nyayo, na Jumamosi tulimpima mtu wa namna hiyo kwa kumnyima kitu cha kusikiliza.

Najua mashindano mengine yanakuja na waandaaji ni walewale, ndiyo maana naandika sasa kabla mabango hayajapigwa chapa. DJ asiguswe na mtu yeyote asiye DJ kuanzia mchujo hadi bingwa. Spidi iwe ile iliyomleta mchezaji fainali. Kila mmoja achezewe mara mbili, na kati ya raundi DJ aruhusiwe kubadilisha anachotaka. Jukwaa lishushwe liwe futi moja, watu wazunguke. Kamera moja, hata moja tu, ibaki miguuni dakika zote.

Kombe lilikabidhiwa saa tano na robo usiku. Nilishuka hadi nyuma ya jukwaa nikamkuta DJ anakunja waya zake. Nilimuuliza angefanya nini kwenye ile sekunde ya 35. Hakuongea. Aligonga ukingo wa meza kwa vidole viwili, haraka, kama mvua ya bati, akanyamaza kwa midundo sita, si minne wala minane, halafu akagonga mara moja kwa kiganja. Midundo sita. Yule dada angefanya nini na sita? Na dogo wa Mbagala, akitupiwa sita bila kutarajia, huenda angetushangaza sote. Mpaka leo sijui nani kati yao ni mchezaji bora, na nililipa kiingilio ili nijue.